Saa Moja na Dakika Arobaini za Firenze

"Treni ya moja kwa moja ipo, Mare," Choleng aliniambia, akinitazama juu ya miwani yake. "Mnapanda Roma, mnasinzia, mnaamka Padova kwa Mtakatifu Antoni. Wewe unataka niwateremshe wazee kumi na mmoja Firenze na masanduku yao, wakae stesheni kutazamana. Ya nini?"

"Ni kwa ajili ya Perlita."

"Najua ni Perlita. Nilitaka nikusikie ukisema."

Choleng alimsimamia binti yangu Perlita ubatizo, ndiyo sababu tunaitana Mare hadi leo, tukipatana na tukigombana. Ofisi yake ni sebule yake: kompyuta moja, feni moja, picha ya Familia Takatifu na kalenda ya parokia. Hapa Mabini karibu kila nyumba ina mtu wake Italia, kwa hiyo hakosi wa kumkatia tiketi. Mwaka huo alikuwa anapanga hija ya parokia yetu. Ndege ya Manila hadi Doha, ya Doha hadi Roma, Jumatano tumwone Baba Mtakatifu uwanjani, halafu treni ya Padova, halafu kurudi. Viza ilikuwa ya kundi. Anayejitenga anawaharibia wenzake na watakaokuja baada yao, kwa hiyo sikuweza kusema mimi nitabaki kwa mwanangu. Na mwanangu mwenyewe hana kwake huko Firenze. Analala katika chumba kidogo kando ya chumba cha bibi mzee anayetunzwa naye, mlango wazi, amsikie akikohoa.

"Na siku nayo siyo," nikasema. "Umeweka Jumatano jioni. Weka Alhamisi."

"Haya! Papa kapangiwa siku, Antoni kapangiwa siku, sasa na treni ya Waitaliano imfuate Paning anavyotaka."

Lakini alichukua kalamu. Hakuna mama hapa kwetu asiyeijua Alhamisi. Wanaofanya kazi za nyumbani kule hupumzika Alhamisi kuanzia mchana, na Jumapili. Jumatano jioni Perlita angekuwa anamlisha bibi supu kwa kijiko. Jumapili sisi tungekuwa angani.

Alipekua kompyuta yake muda mrefu, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Ya saa saba na robo inafika Firenze saa tisa kasoro dakika kumi. Ya Padova inatoka saa kumi na nusu. Hiyo ni saa moja na dakika arobaini. Mkipitisha hapo mtafika Padova masista mtakaolala kwao wameshafunga mlango. Itakutosha?"

"Ninachotaka kusema hakifiki dakika kumi."

Akaiandika bila kuuliza zaidi, maana alikijua.

Mume wangu Gaudencio aliugua figo miezi mitatu kabla hajafa. Kwetu mtu wa ng'ambo haambiwi ugonjwa, anaambiwa kifo. Tunasema tusimtie wasiwasi, mawazo yakimzidi atamwangusha mzee wa watu bafuni, kazi imponyoke. Wote tunafanya hivyo, na mimi nikafanya. Perlita akipiga simu namwambia baba yako yuko uani na majogoo wake, baba yako kalala, baba yako kaenda Bauan kwenye mapigano ya majogoo. Na baba mwenyewe yuko chumbani, ananisikia.

Hayo peke yake yangekuwa makosa ya kila mtu. Ya kwangu yalizidi. Gaudencio alianza kumwulizia: Perlita anakuja lini? Nikamjibu yuko njiani. Nikaenda kwa Choleng kumwuliza mtu akitoka Firenze anapita wapi hadi kufika hapa, akaniandikia yote, na kila siku nikamsogeza mwanangu kidogo. Leo bibi kampa ruhusa. Leo anatafuta nafasi ya ndege. Leo yuko kwenye treni ya kwenda Roma. Kama treni ziligoma, nilizigomesha mimi. Kama ndege ilijaa, niliijaza mimi. Mume wangu alikufa akimngojea mtu ambaye hakuwa ameambiwa kitu.

Perlita aliyatazama maziko kwenye simu, mpwa wangu akiishika juu ya jeneza. Miaka miwili ikapita asije. "Nije kumwona nani, Inay?" aliniambia, na Inay ndivyo watoto wetu wanavyotuita mama zao. Kwamba nilimficha ugonjwa, alijua. Ile safari niliyomtungia, hakuijua. Nilipoipeleka kwenye kitubio, Padre Nilo alisema Mungu amesikia, lakini aliyeibiwa ni mwingine, nenda kwake. Nilijaribu kwa simu. Nikianza tu, "Inay, mtandao mbaya," simu inakatika. Nina miaka sitini na tisa na presha. Sikutaka kwenda mbele ya Bwana na jambo hilo bado mdomoni.

Jumapili baada ya Misa Choleng aliwakusanya mahujaji penye bakuli za lomi, tambi zetu za mchuzi mzito, akatangaza mabadiliko.

"Treni mbili?" aliuliza Ka Ambo, mkubwa wetu sote kwa umri, themanini na mmoja. "Huko Firenze kuna nini?"

"Kuna choo, Ka Ambo."

"Basi mimi nimeshakubali. Kibofu changu hakiwezi treni moja ndefu."

Watu wakacheka. Ising wa kwaya hakucheka. "Sisi tunakwenda kuhiji," akasema, "au tunakwenda kumwamkia binti wa mtu?"

"Ising," Choleng akamwambia, "wewe unampelekea dada yako wa Roma sanduku zima la samaki wakavu. Tutanuka kundi zima mbele ya Papa. Kula lomi yako."

Basi ikapita. Jioni ile nikampigia Perlita.

"Tutabadilisha treni Firenze," nikamwambia haraka, kabla mtandao haujawa mbaya. "Alhamisi. Saa tisa kasoro kumi hadi saa kumi na nusu."

Nilisikia maji yakichuruzika kwenye sinki la watu. Akayafunga.

"Nani kapanga?"

"Mimi. Na mama yako wa ubatizo."

"Wewe umejifunza lini mambo ya treni, Inay?"

Nikamrudia zile saa.

"Siahidi," akasema. "Bibi ana siku zake mbaya."

Sitasema mengi juu ya Roma. Baba Mtakatifu nilimwona kwa mbali, mweupe na mdogo kama mshumaa, na watu walilia. Mimi, Mungu anirehemu, nilikuwa nawaza kesho yake.

Alhamisi treni yetu ilifika kwa dakika zake. Wenzangu waliketi juu ya masanduku. Nilisimama chini ya ubao wa saa za treni, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia angeniona, nikasali rozari. Ikaisha. Saa tisa na nusu. Nikaanza ya pili. Choleng aliniletea mkate wenye nyama ndani, nikaushika tu.

"Kaa chini, Mare."

"Nikikaa hataniona."

"Una kilo themanini. Ataacha kukuonaje?"

Saa kumi ikagonga. Ising alikuja mwenyewe, akaniwekea nyuma ya miguu sanduku lake lililokuwa la samaki. "Kalia hili," akasema. "Ni gumu, halivunjiki." Nikakaa.

Saa kumi na dakika tano mwanamke mmoja aliingia mbio, nywele zake mvi mbele, koti halijafungwa vifungo. Sikumjua. Ni Ka Ambo aliyepiga kelele, "Perlita! Unakimbia kama baba yako akimfukuza jogoo!"

Akaja, akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye paji la uso wake kama watoto wetu wanavyowaamkia wakubwa. Mgongo wa mkono wangu ukasikia jasho lake.

"Bibi alijichafua," akasema. "Nisingeweza kumwacha vile."

"Ndiyo kazi."

"Umekonda, Inay."

"Wewe umenenepa."

"Ni mikate."

Tulipata benchi. Miaka kumi na moja sikuwa nimemshika, na dakika ishirini na tano zikawa ishirini na moja. Maneno niliyoyapanga tangu Mabini yote yalinikimbia, nikasema lililobaki.

"Perlita, nilimdanganya baba yako pia."

Nikamweleza. Ruhusa ya bibi, tiketi, treni ya Roma, mgomo. Alisikiliza, mikono mapajani, akinuka sabuni. Hapa hapakuwa na mtandao wa kusingizia.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

"Akaamini?"

"Sijui. Siku moja alisema, treni hiyo ndefu, Paning. Sikujua kama ananicheka."

"Na siku aliyokufa. Nilikuwa nimefika wapi?"

"Doha. Unangoja ndege ya Manila."

Alitazama reli. Treni nyingine ilikuja, ikamwaga watu, ikaondoka.

"Siku ile nilikuwa napiga pasi mashuka," akasema. "Mwaka ule nilikuwa na siku kumi na nne za likizo, Inay. Niliulizwa nazitaka lini. Nikasema hata sijui, kwetu wote wazima. Nilikuja kuzitumia mwezi uliofuata, kulala. Bibi alidhani mimi ndiye ninayekufa."

"Nisamehe, mwanangu."

Alianza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akakosea, akafungua, akaanza upya.

"Mare!" Choleng aliita. "Yetu hiyo! Ka Ambo katoka chooni? Nani kamwona Ka Ambo?"

Perlita aliinuka kabla yangu. Alibeba mkoba wangu, akapanda nao, akatafuta kiti kwa namba, akauweka juu, akamwambia Choleng dawa zangu za presha nimeze kabla ya kula, si baada. Alisema yote hayo vizuri, kama anavyosema mtu wa kazi yake. Kisha akateremka. Nikamfuata hadi mlangoni, nikashika chuma. Kulikuwa na neno moja nililobakiza, na nilijua nikienda nalo Padova nitakuwa nimemwibia tena.

"Asubuhi ile," nikamwambia, "nilipomwambia umefika Doha, alisema, mwambie avae sweta, uwanja wa ndege una baridi. Hakusema tena neno baada ya hapo."

Alikuwa ameshageuka. Akarudi hatua mbili, akasimama chini yangu, uso juu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona mtoto wangu.

"Sweta ipi?"

Nilijua anaitaka ipi. Alipoondoka nyumbani mara ya kwanza, baba yake alimnunulia sweta ya manjano sokoni Batangas, kubwa mno, mikono ikamfunika vidole, na akacheka naye hadi uwanja wa ndege. Neno lilikuwa tayari. Miezi mitatu ulimi wangu ulikuwa umezoea maneno ya namna hiyo, tena mazito kuliko hili, na hili lingemfaa maisha yake yote.

"Hakusema," nikamwambia. "Alisema sweta tu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Filimbi ikapigwa, mlango ukajifunga mbele yangu. Treni ilipoanza kwenda alikuwa bado amesimama palepale, mikono mitupu, na hakunipungia.