Mkono Nje ya Sinia

Kichwa cha kondoo kiliwekwa juu ya mlima wa wali, pua ikinielekea mimi. Sisi wanawake hatuwekewi kichwa kwa kawaida. Kichwa ni heshima ya sinia la wanaume. Lakini Hajati Shiha alikuwa amesema kwamba mchumba wa mjukuu wake, yaani mimi, ataingia nyumbani kwake kwa heshima kamili, na neno la Hajati Shiha halikuwa na rufaa pale kijijini, wala katika vijiji vya jirani mpaka Karak mjini. Mtindi wa moto ulimiminwa, mvuke ukapanda, lozi zikang'aa kwa samli. Tulilizunguka sinia tumekunja miguu, mikono ya nguo imepandishwa, na wote wakanisubiri mimi nianze.

Mimi sili nyama.

Mama alilijua hilo, ndiyo maana njia nzima alikuwa akinisihi. "Tonge moja tu, Wadha. Meza moja, shukuru, sema umeshiba. Nani atakupasua tumbo ahesabu?" Nami nilikuwa nimemjibu kwamba nitaona. Mama aliichukua hiyo kuwa ni ndiyo. Maskini mama, miaka yote hii na bado hajanizoea.

Tangu msiba wa baba sijaonja nyama, wala mchuzi wake, wala wali uliopikiwa humo. Sababu nimeulizwa hata nikawa na jibu la kila mtu: kwa walimu wenzangu nasema afya, kwa majirani nasema tumbo, kwa shangazi zangu nasema sitaki, basi. Yote ni kweli. Baba alikuwa na moyo mbovu. Daktari alimwonya apunguze mafuta. Baba akacheka, akauliza mtu wa Karak akiacha mansafu, wali wetu wa kondoo na mtindi, amebakiwa na nini, akavuta sinia karibu. Alipokufa, ndugu na majirani walituletea masinia siku zote za tanga, kama ilivyo desturi, na mimi ndiye niliyeyasugua. Kaburi bado bichi, na vidole vyangu vinateleza kwa mafuta yale yale yaliyompeleka. Toka siku ile nyama ikinikaribia, pua yangu inasikia tanga. Sasa hapo mtu ataniambia nini?

Waliniambia mengi, na msimu wa baridi wa kwanza nusura niwape ushindi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, na siku moja nilianguka uwanjani filimbi ikiwa mdomoni. Ee, watu walifurahi! Shangazi zangu walifika na supu ya mifupa, nyuso zimewakunjuka kama waliokuja harusini. Daktari wa zahanati, msichana mdogo mwenye ulimi kama wangu, alitazama majibu ya damu, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia mkate, zeituni na chai.

"Wewe hujaacha nyama, dada," alisema. "Wewe umeacha chakula."

Akanipa somo ambalo nyumbani hakuna aliyekuwa nalo. Adesi na dengu kila siku, mboga za majani, mayai, ufuta, limau juu ya kila kitu, na kidonge cha vitamini ile ambayo mimea haina. Na chai niisogeze mbali na chakula, kwa sababu chai inayonywewa juu ya adesi inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Haya, familia yangu iliweza kuvumilia binti asiyekula nyama. Lakini niliposema chai ije baadaye, mama alilia machozi. Nikashikilia hivyo hivyo. Majibu ya damu yaliyofuata daktari aliyasoma akapiga mluzi, na leo ninapanda kilima cha ngome ya Karak na wanafunzi wangu, na anayekaa chini wa kwanza si mimi.

Nayef, mchumba wangu, aliyajua haya yote na alinipenda nayo. Ukipenda boga penda na ua lake, na yeye alilipenda ua pamoja na miiba. Ila kwa bibi yake alikuwa mwoga wa kutupwa. Hajati ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na mbele yake yule mwanamume mwenye ndevu alirudi kuwa mtoto wa kuchapwa. "Mwambie wewe," alinisihi. "Mimi nikimwambia atanipiga kiatu cha kichwa." Kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Na kama Hajati angesema mimi simfai, wazee waliokuja kwetu kuniposa wangekuwa wamekunywa kahawa yetu bure.

Basi nilikaa mbele ya kile kichwa, mkono wangu gotini.

"Karibu, binti," alisema Amsha, shangazi yake Nayef, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mbuzi waliovuka bonde. "Au wataka tukutafunie?"

Wakacheka. Mama akanifinya paja. Nikatabasamu kwa adabu, na mkono wangu haukutoka gotini.

Hajati alikuwa ameshafinyanga tonge lake. Aliniangalia, akautazama mkono wangu, akalirudisha tonge kwenye wali taratibu, akajifuta vidole. Wanawake wote wakaondoa mikono yao siniani, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikakatika.

Lazima nieleze hapa, maana asiye wa kwetu atadhani alikasirika. Kwetu mgeni mwenye haja kubwa haanzi kwa kuomba. Anawekewa kahawa, haigusi. Anawekewa chakula, hali. Mwenyeji akiona hivyo anajua kuna jambo, na ni juu yake kulimaliza, maana mgeni kutoka na njaa nyumbani kwa mtu ni aibu inayorithiwa. Hata wazee walioniposa walifanya hivyo hivyo: vikombe vikakaa vinapoa mpaka mjomba wangu aliposema kunyweni, mmempata.

"Mgeni wangu ana haja," alisema Hajati Shiha. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini jikoni waliacha kuosha vyombo. "Sema, binti yangu. Mahari ni ndogo? Nyumba hujaipenda? Au huyo mjukuu wangu amekukosea? Sema, na mbele ya hawa wote nakuahidi haja yako imetimia. Halafu tule."

Mama alifungua mdomo kusema naumwa. Nilimwona. Amsha akamwahi.

"Haja gani, Hajati! Huyu hali nyama! Karak nzima wanajua, sisi tu ndio tulikuwa gizani. Mtu asiyekula nyama atazaa nini? Kabichi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilijua mlango wa kutokea uko wapi: niseme kweli naumwa tumbo, mama aapie, tunywe kahawa, turudi nyumbani. Nilikuwa nimeutumia mlango huo kwa miaka. Harusi za watu nilikuwa naenda nimeshakula kwetu, kwa siri kama mwizi, kisha nakaa nikisukuma wali huku na huku. Nilikuwa nikijiita jasiri, kumbe nilikuwa hodari wa kujificha. Na hapo nikagundua kwamba yule bibi kwa kukosea kwake alikuwa ameshanipa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kunipa. Alikuwa ameniahidi.

"Kweli, nina haja," nilisema.

Mama akafumba macho.

"Sili nyama, Hajati, wala sitaila. Haja yangu ni kwamba katika nyumba hii asiniwekee mtu nyama mbele yangu, asinilazimishe, asinifanyie vituko. Tumbo langu asilipangie mtu zamu ya kuzaa. Na chakula changu nisile jikoni kama mgonjwa. Nitakula hapa, nimekaa na nyinyi, sinia moja."

"Na nikikataa?"

"Nitaondoka kwako na njaa yangu."

"Na Nayef?"

"Nayef nampenda." Nilisema mbele yao wote. "Ndiyo maana nasema leo. Nikila tonge hili nitakuwa nimeanza kumwongopea kabla hajanioa."

Hajati alinisogelea. Kisha akanyoosha mkono, akanishika msuli wa mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mnunuzi anayepima kondoo mnadani.

"Huu unakula nini?"

"Adesi. Dengu. Mayai, mboga za majani, limau."

"Na chai?"

"Chai baadaye, Hajati. Chakula kikishatulia."

"Baadaye!" wanawake walipiga ukelele, na nikaona kwamba hilo ndilo lililowauma zaidi.

"Niinue," alisema Hajati.

Hajati Shiha si mwanamke mwembamba, na magoti yake yalikuwa yameshamkataa. Kila siku alikuwa akiinuliwa na wajukuu wawili kwa dua na lawama. Nilipiga goti, nikapitisha mikono yangu chini ya makwapa yake, nikapandisha pumzi kama ninavyowafundisha wasichana wangu. Akasimama mara moja, ushungi haukusogea. Mtu mmoja akasema mashaallah, tena kwa kununa. Nilimshika mpaka akajisikia imara, kisha nikamrudisha chini polepole, na hiyo ya kumrudisha ndiyo ngumu.

"Haja yako imetimia," alisema, akihema kidogo. "Amsha, ondoa hicho kichwa."

"Nikipeleke wapi?"

"Kiweke mbele yako. Wewe ndiwe mwenye mdomo leo."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na hata mama alicheka huku akijifuta macho. Wakaniletea mkate wa moto, zeituni, nyanya na bakuli la adesi iliyokuwa imepikiwa watoto. Wakalikandamiza bakuli lile pembeni mwa sinia, ndani ya wali kabisa, na tukala. Nilikula kama mtu aliyetoka shamba. Amsha alinitazama kila tonge, nami nikahakikisha kila moja analiona.

Kisha ikaja kahawa. Amsha alinimiminia mimi kwanza, nikanywa, maana kahawa ya mwenyeji ni wajibu na kikombe kimoja kidogo hakitanimaliza. Akammiminia Hajati. Hajati alikipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, akaweka mikono mapajani.

Mwenyeji hawezi kuwa na haja kwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Jambo hilo sikuwahi kulisikia.

"Umeketi kwangu kama mwenye nyumba," aliniambia. "Basi mimi ni mgeni wako. Na mimi nina haja."

"Sema, Hajati."

"Nikifa, watachinja kwa ajili ya roho yangu. Watu watakuja kutoka mbali, wala sitaki waondoke wakisema kwa Shiha walikula mtindi uliokatika. Mtindi ule hukorogwa upande mmoja bila kupumzika, kwa mkono usiochoka. Amsha akikoroga hukatika."

"Hajati, jamani!"

"Hukatika. Mkono nilioushika leo hautachoka. Nataka ukoroge wewe."

Harufu ile ikanijia puani, ya tanga, ya masinia na maji yaliyopoa yenye mafuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa vitisho, hata kwa kuvunjwa kwa uchumba. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Aliyeniomba nile ningemkatalia usiku na mchana. Huyu alikuwa akiniomba nisimame tena pale pale nilipopakimbia, juu ya sufuria ya msiba, na safari hii msiba wake. Mama hakunifinya. Ningeweza kukataa, na nafikiri Hajati angeiacha kahawa ipoe na asinilaumu. Lakini yeye alikuwa ameniachia nafasi siniani kwake, na mtu hawezi kudai nafasi kwenye karamu halafu akaikimbia kwenye tanga.

"Nitakoroga," nilisema. "Ila sitaonja."

"Usipoonja, chumvi utaijuaje?"

Amsha akaguna kwa furaha, kwa sababu kweli swali lilikuwa na meno. Nilifikiri. Sikuwa na jibu la adabu, nikatoa nililokuwa nalo.

"Nifundishe leo," nilimwambia, "ungali hai."

Mama akasema "Wadha!" kwa sauti ya kunizika. Hajati alinikazia macho mpaka nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akageukia jikoni, akaita aletewe chumvi.

Walileta bakuli la udongo. Alichukua mkono wangu, akakifungua kiganja, akateka chumvi kwa vidole vyake vilivyopinda, akamimina. Akaitazama, akapunguza kidogo, akaongeza chembe.

"Hii ni ya kondoo mmoja," alisema. "Isikie. Mimi watachinja wanne, msinifanyie ubahili. Usimuulize mtu, uliza kiganja chako."

Akanifumba vidole, kimoja kimoja, juu ya ile chumvi. Halafu akaokota kikombe chake. Kahawa ilikuwa imeshapoa kabisa, naye akainywa yote, akakitikisa kikombe kama mtu aliyetosheka.

Wanawake walianza kutoa vyombo, wakizungumza wote kwa pamoja. Nayef alichungulia mlangoni akiwa amekunja uso kwa hofu, akauliza kwa ishara kumetokea nini. Sikuweza hata kumpungia. Nilikaa pale pale karibu na bibi yake, mkono nimeufumba gotini, nikiogopa chumvi isimwagike.