Zamu ya Mfuko wa Jezi

Timu ile ya wanawake ilikuwa na desturi moja: baada ya kila mechi, mchezaji mmoja alibeba mfuko wa jezi kwenda kufua kwake, kwa zamu. Beki ambaye baadaye wangemwita Dobi alikuwa ameshacheza mechi tisa, na kila wiki zamu ilimruka. Bango la klabu getini lilisema wakimbizi wanakaribishwa. Bango kusema ni rahisi, halifui nguo.

Jumamosi hiyo nahodha alimpa mfuko mchezaji aliyejiunga wiki iliyopita tu. Dobi akapandwa na hasira, akauwahi, akaukumbatia.

"Uache," nahodha alisema.

"Ni zamu yangu. Tena tangu mwezi uliopita."

"Dada, wewe unakaa kule kwenye mabweni ya wakimbizi. Mkihamishwa kesho, jezi zetu tukaziulizie wapi?"

"Kumbe kukaba mnaniamini, kufua ndiyo mnaniona mwizi."

Katika chumba cha kubadilishia nguo kila mtu akatafuta la kufanya. Kipa akajifanya anafunga kamba za viatu ambavyo alikwisha kuvivua.

"Kwetu nilikuwa dobi wa hoteli miaka kumi," Dobi alisema. "Mtaziona hizi jezi, mtadhani mpya." Akatoka na mfuko bila kuaga mtu.

Alifua kwa hasira, mpaka shangazi yake, aliyekaa naye chumba kimoja, akamuuliza kama jezi zimemtukana. Kisha akapasha pasi moto wa mashuka ya hoteli. Jezi alizigeuza ndani nje, kama dobi anayejua kazi, kwa hiyo hakuona namba za plastiki zikiyeyuka na kunata kwenye blanketi alilopigia pasi. Alipoligundua hilo, jezi saba zilikuwa zimekwisha kuharibika.

Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanjani na mfuko. Asingekwenda, wangepata walichokuwa wakikitaka: mwizi.

Nahodha akainua jezi namba nane, ambayo sasa haikuwa namba yoyote inayojulikana.

"Dobi wa hoteli," alisema. "Hoteli hiyo walikuwa wanalala mbuzi?"

Wakamshukia wote. Kipa akamwita kichwa maji. Dobi alikuwa amekuja na majibu makali kuhusu mabweni na wakimbizi, akangoja wayataje. Hakuna aliyeyataja. Walikuwa na hasira ya jezi tu.

"Sheria unaijua," nahodha alisema, akimsukumia mfuko kifuani. "Anayeharibu anafua wiki sita mfululizo. Na pasi usiiguse."

"Kipa alipopoteza soksi alifua nne."

"Kipa hakuturingia."

Dobi alikuwa karibu kulia kwa furaha, akakunja uso zaidi wasije wakamwona. "Nne," alisema.

"Sita. Na ukichelewa kuzileta nakuja mwenyewe kugonga mlango wako."

"Bweni la pili, mlango wa tatu kushoto," Dobi alimjibu kwa ukali. "Ugonge kwa nguvu, shangazi hasikii vizuri."