Siku Maduhu Aliposahau Kukimbia

Maduhu alikuwa mwoga, na Mwabusigu nzima ilijua, kuanzia mwenyekiti hadi mbwa wa mwenyekiti, ambaye alikuwa anambwekea yeye peke yake. Aliogopa radi, aliogopa sindano, aliogopa bata mzinga wa jirani. Mkewe, Hosiana, alikuwa akiwaambia wenzake kisimani, "Nikitaka kujua kama chooni kuna nyoka, namtuma Maduhu. Akirudi mbio, nyoka yupo. Akirudi taratibu, ujue hakufika."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini ulikuwepo woga wake mmoja usiochekesha.

Miaka mitatu nyuma alikuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Segese, pamoja na rafiki yake Thobias. Siku moja matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yalilia mara moja tu, na udongo ukashuka. Thobias akabanwa mguu. Aliita, "Maduhu!" Akaita tena. Maduhu alisikia mara zote mbili, akiwa tayari kwenye kamba, anapanda. Wengine ndio waliomtoa Thobias, akabaki na mguu wa kuburuta.

Hakuna aliyemlaumu. Shimoni kila mtu hukimbia. Ila Maduhu mwenyewe alijua kwamba alikimbia vizuri mno, bila hata kugeuka, kama mtu aliyefanya mazoezi. Na mazoezi alikuwa ameyafanya kweli: tangu utoto alikuwa anavikimbia vitu vidogo vidogo, na kikubwa kilipokuja, miguu haikumuuliza.

Basi akaamua kuifundisha miguu somo jingine. Kila siku afanye jambo moja dogo la kuogopesha. Siku ya kwanza alikwenda kwa Thobias akasema, "Siku ile nilikusikia." Thobias akamtazama, akasema, "Najua," akaendelea kumenya karanga zake. Siku ya pili alimwambia Hosiana ni nani hasa aliyevunja chungu cha mama yake. Hiyo ilikuwa karibu imuue. Baada ya hapo likaja la Mama Mageni.

Mama Mageni alikuwa mjane, anaishi peke yake nyuma ya mashamba ya pamba, upande wa machweo, na macho yake yalikuwa mekundu. Sababu ilikuwa wazi kwa mwenye kutaka kuiona: miti ya Mwabusigu yote ilikuwa imeshuka kwenye mashimo ikawa matimba, na yeye alikuwa amepikia samadi kavu ya ng'ombe miaka thelathini, kwenye jiko lisilo na dirisha. Lakini huku kwetu mwanamke mzee akiwa na macho mekundu, watu hawaulizi anapikia nini. Walikuwa wakimwona njiani wanakumbuka shughuli upande wa pili. Maduhu akaanza kumsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, barabarani, mbele za watu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mbona umetoka jasho asubuhi hii?"

"Baiskeli, mayu."

"Baiskeli umeiacha nyumbani."

Mwaka ukapita hivyo. Jasho lilipungua. Halikukoma.

Kisha ng'ombe sita wakafa ndani ya wiki moja. Mkanda wa dhahabu kwenye duara kubwa la kijiji ukapotea, watu wakabaki wanachimba mawe matupu. Mganga akaletwa kutoka mbali, akanusa upepo, akasema adui ni mwanamke aliyezeeka, hana mume, na makao yake ni upande linakotua jua. Alibakiza jina tu. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha kura ya siri.

Kura yenyewe ni hivi. Kila mtu mzima anaandika jina la anayemshuku kwa uchawi, anakunja, anatumbukiza kwenye ndoo. Jina likipita nusu ya karatasi, mwenye jina anapewa siku saba ahame. Yule wa mwaka juzi alipewa saba kama ilivyo desturi. Nyumba yake iliungua siku ya tatu, na yeye akiwa ndani. Hakuna aliyeona kitu.

Asubuhi ya kura, uwanja wa shule ulijaa. Magesa, mtemi wa sungusungu, alikuwa amesimama na vijana wake wenye pinde, ndoo ya rangi mbele yake. Akamwita Maduhu kwa kidole.

"Wasiojua kuandika utawaandikia wewe. Mwandiko wako mzuri."

"Mtemi, mimi mkono unatetemeka."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Mwenye ujasiri angeweza kuchakachua." Vijana wakaangua kicheko. Magesa hakucheka.

Wakampa dawati chini ya ukingo wa paa la darasa, kalamu ya bluu na rundo la karatasi. Mstari ukajipanga, wazee na akina mama, kama watu arobaini. Mama Mageni alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele kabisa, mikono mapajani. Kumzunguka kulikuwa na uwazi ambao ungetosha kuegesha trekta.

Wa kwanza, Mzee Luhende, aliinama hadi ndevu zikamchoma Maduhu sikio. "Mama Mageni," akanong'ona.

Maduhu akaandika.

Wa pili akanong'ona hilo hilo. Wa tatu. Wa nne alikuwa amepanga kumtaja mkwe wake wa kiume, lakini mkewe alimkanyaga, akasema Mama Mageni. Maduhu aliandika. Kila alipoinua macho alimwona yule bibi akimtazama, si kwa hasira, akimtazama tu kama mtu anavyomtazama fundi anayemshonea nguo.

Kufika wa sita, wazo likaja, tamu kama asali. Hawajui kusoma hawa. Andika jina lolote. Andika la mganga! Nani atajua? Angemwokoa bibi wa watu huku ameinamisha kichwa, na jioni angekula ugali wake kwa amani. Kalamu ilishagusa karatasi. Halafu akaitambua ile hali, jinsi miguu inavyokuwa myepesi chini ya meza. Ilikuwa ile ile ya kwenye kamba: gizani, haraka, hakuna anayeona. Akaandika Mama Mageni, akajichukia. Akaandika la saba. La nane.

Wa tisa alikuwa Aneth, mwanawe mgongoni. Mtoto yule alikuja duniani kwa kutanguliza miguu, mwaka jana, na mikono iliyomgeuza na kumtoa ilikuwa ya Mama Mageni. Kijiji kizima kilijua. Aneth akainama, midomo haikusogea.

"Sijasikia," Maduhu akasema.

"Umesikia."

"Sema kwa sauti, dada yangu."

Aneth akarudi nyuma kama aliyeungua. Magesa akageuka. "Kuna nini hapo?"

Na hapo ndipo Maduhu aliposimama. Hakuamua kusimama. Alishangaa kujiona yuko juu, na kibofu kinamkumbusha mambo mengine kabisa. Akajua kwa uhakika kwamba kuna njia kati ya darasa la tatu na la nne, kwamba inatokea kwenye pamba, na kwamba angeweza kuwa nyumbani ndani ya dakika nne.

"Mtemi," sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga. "Kuandika naandika. Lakini kuanzia sasa, anayetaka jina aliseme kwa sauti. Na amtazame anayemtaja."

"Hii ni kura ya siri!"

"Siri kwa nani? Mimi tayari najua nane. Nitalala nazo mimi?"

Kijana mmoja akabadilisha mkono wa upinde wake, na Maduhu akausikia uzi ukilia.

"Kaa chini uandike," Magesa akasema polepole. "Au unataka tukuandike wewe?"

Maduhu akaitikia kwa kichwa tu, ndiyo, na mpaka leo hajui alikuwa anakubali nini. Lakini hakukaa, na kalamu aliilaza mezani.

Aneth alisimama akiangalia miguu yake. Kisha akamgeukia Mama Mageni, nusu tu, akafungua kinywa, na mtoto mgongoni akapiga chafya. Akafunga kinywa. Akatoka kwenye mstari. Nyuma yake mzee mmoja akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Mwingine akasema ng'ombe wake hawajanyweshwa. Mstari ukaanza kuyeyuka kutoka mkiani, kimya kimya, kila mtu na udhuru wake.

Ndipo ukasikika mguu unaoburuta. Thobias alikuja hadi dawatini, ingawa kuandika alijua vizuri kumshinda Maduhu.

"Maduhu," akasema, kwa sauti ya kufika uwanja wote. "Leo umesahau kukimbia?"

"Nimekumbuka," Maduhu akajibu, meno yakigongana. "Miguu ndiyo imegoma."

Thobias akaegemea dawati. "Niandikie basi. Andika: sina wa kumtaja."

Akaandika. Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wa mtoto wa chekechea.

Wenye kujiandikia waliendelea kutumbukiza za kwao, wengine wakimtupia Maduhu jicho kabla ya kukunja. Magesa akahesabu mbele ya watu. Karatasi tisini. Mama Mageni, arobaini na moja. Nusu ilikuwa arobaini na tano. Akahesabu tena, hazikuongezeka. Zilizobaki zilitawanyika, na nyingine tupu. Kisha akainua chache alizokuwa ameziweka kando, akazisoma moja moja, taratibu, kama anayeonja.

"Maduhu. Maduhu. Maduhu." Kumi na saba.

"Mwaka huu hahami mtu," Magesa akasema. "Lakini ndoo imesikia." Akamtazama Maduhu mpaka Maduhu akahisi baridi kwenye jua la saa sita. Maduhu mwenyewe alijua: jina likishaingia kwenye ndoo ile mara moja, mwaka unaofuata linajua njia.

Watu wakatawanyika. Hosiana alimpita, akaminya kiwiko chake kwa nguvu mpaka kikauma, akaenda kuwasha moto. Maduhu alibaki hadi Mama Mageni alipoinuka kwenye jiwe lake.

"Mayu," akasema. "Nimekuandika mara nane. Kwa mkono huu."

"Mara nane." Bibi akafikiri. "Kwa mwandiko mzuri?"

"Mzuri, mayu."

"Afadhali. Yule wa mwaka juzi walimwandika ovyo, hata jina lake walikosea." Akatikisa kanga, akaifunga tena. Maduhu akaona kwamba vidole vya bibi navyo vilikuwa vinatetemeka, na pengine vilikuwa hivyo tangu asubuhi. "Unatetemeka, baba."

"Sana."

"Haya, twende tukitetemeka."

Njia za kwenda kwa Mama Mageni zilikuwa mbili. Moja ilipita kwenye pamba, ambako mtu haonekani. Nyingine ilipita madukani, ambako vijana wa Magesa walishakaa kwenye mabenchi, pinde zimeegemea ukuta. Miguu ya Maduhu yenyewe iligeukia pamba, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mama Mageni hakumwita. Alishika ya madukani, polepole, peke yake.

Maduhu alisimama njia panda kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa isimuliwe. Kisha akageuka, akamfuata, akamfikia mbele ya duka la kwanza. Kijana mmoja akainuka.

"Mwangaluka," Maduhu akawaambia, jasho likimtiririka hadi viwiko. Akaendelea kutembea.