Pazia Mbele ya Rejeta

Mama mkwe wangu ana duka la mapazia, na anaamini hakuna kitu duniani kisichopendeza zaidi kikifunikwa. Friji yake ina pazia. Televisheni ina pazia. Siku ya harusi yangu alilivisha pazia na gari.

Nilitoka mlangoni nimeshika gauni kwa mikono miwili, nikalikuta pale nje. Lilikuwa gari la bwana harusi, dogo, la tabo, limefunikwa satini nyeupe kutoka kioo cha mbele hadi chini ya bampa, limekazwa kwa pini na utepe. Katikati ya grili palibandikwa shada la maua ya plastiki, pana kama sinia. Pua ya gari haikuonekana kabisa. Mimi ni fundi wa tabo. Kazi yangu ni kufufua zile zilizouawa na wenye magari.

"Mama," nikasema, "hapo mbele ndipo gari linapopatia upepo. Tutoe hata hilo shada tu."

"Mwanangu," akanijibu kwa ile sauti yake ya kubembelezea wateja, "leo wewe ni bibi harusi. Hapa hakuna fundi. Na kuanzia leo hakuna tena fundi kwenye ukoo huu, tulishaelewana."

Hatukuelewana. Alitangaza yeye peke yake, mezani, mbele ya ndugu zake wote, kwamba mkwe wake hatalala chini ya magari ya watu huku miguu ikichungulia nje. Nikishaolewa nitakaa dukani kwake nipime mapazia. Wote wakaitikia. Mwanawe, mchumba wangu, ni mwalimu wa hisabati. Akisimama darasani hata nzi hatui. Siku ile aliinamia sahani yake utadhani amedondosha sindano humo. Sikugombana na mtu. Nilisema moyoni tu: sawa bwana, sitatia saini karatasi ya ndoa mpaka nisikie mdomo wako. Siku ya harusi nayo ikipita umenyamaza, mimi narudi gereji, wewe ubaki na mama yako na satini zake.

Basi nikaingia kwenye gari, kiti cha nyuma, nimepakwa poda tabaka juu ya tabaka, kope za bandia zinanipepea usoni. Mama mkwe alikaa mbele. Usukani aliushika kaka yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba Resi, kwa sababu gari likiumwa ugonjwa wowote ule, dawa yake yeye ni moja: kukanyaga mafuta.

Ofisi ya msajili wa ndoa iko juu mlimani. Aliyeijenga huko nadhani alitaka kupima nani ana nia na nani anatania. Jua lilikuwa kali mpaka lami inang'aa. Mjomba alifungua kiyoyozi mpaka mwisho ili poda yangu isiyeyuke, tukaondoka kwa honi na vigelegele.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Mlima ulipoanza tu, gari likalegea.

"Limekunywa mafuta mabaya," akasema Mjomba Resi, akakanyaga.

"Mafuta hayana kosa," nikasema. "Limezibwa pua."

Naomba nieleze, kwa sababu siku ile hakuna aliyenisikiliza na mpaka leo inaniuma. Tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Ikizunguka inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingejivutia, ndiyo maana kainjini kadogo kanapanda mlima kwa kiburi. Sasa hewa ukiibana inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi. Kwa hiyo watu wenye akili wakaweka pale mbele kipoza-hewa, ambacho sisi gereji tunakiita intakula. Upepo wa njiani ukikipiga, ile hewa inapoa kabla ya kuingia kwenye injini. Nyuma yake iko rejeta, inayopoza maji.

Wewe sasa chukua satini, ile nzito ya sebuleni, uvifunike vyote viwili. Washa na kiyoyozi, ambacho joto lake kinalitemea hapo hapo mbele. Halafu mpe usukani Mjomba Resi. Injini inameza moto, kompyuta ya gari inaona mauti, inapunguza nguvu ili kujiokoa. Dereva akikosa nguvu anakanyaga zaidi, tabo inabana zaidi, joto linapanda zaidi. Ni sawa na kumfunika blanketi mtu mwenye homa, kisha ukamwambia akimbie.

"Labda ni uzito wa hilo gauni," Mama mkwe akasema.

"Bibi harusi, hebu sogea katikati," Mjomba akaniambia.

Nikasogea katikati. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili akatufikia, akatupita, akatupungia mkono.

Simu ya Mama mkwe ikalia. Alikuwa bwana harusi, na sauti yake ilisikika gari zima.

"Mama, mko wapi? Msajili anasema zamu yetu ikipita anaita wengine, na leo ndiyo siku yake ya mwisho kabla ya likizo."

"Tunakuja, mwanangu. Gari linasumbua kidogo."

"Linasumbuaje? Hebu muulize..."

"Nimuulize nani?" Mama mkwe akasema polepole.

"Basi, Mama. Njooni tu."

Nilikuwa nimesogea mbele kwenye kiti bila kujua, nasubiri neno moja. Nilirudi nyuma nikaegemea. Kusema kweli niliumia, na kama gari lingesimama pale ningeshuka nikaenda zangu.

Lakini mshale wa joto ulikuwa unaparamia alama nyekundu, na mimi injini haiwezi kufia mbele yangu, hata iwe ya adui.

"Mjomba, zima kiyoyozi. Fungua hita, mpaka mwisho."

Mama mkwe akageuka mzima mzima. "Hita? Kwenye jua hili? Unataka kutuoka?"

"Hita inachukua moto wa injini inauleta humu ndani. Ama tuive sisi, ama iive injini."

"Na poda yako?"

"Poda iende na maji."

Mjomba Resi alimtazama dada yake. Dada yake akatikisa kichwa. Mjomba akakanyaga mafuta.

"Simama!" nikasema.

Hiyo sauti naitumia gereji, mtu anapotaka kuwasha gari nami mkono uko ndani ya injini. Mjomba alifunga breki kabla hajajua anamtii nani. Nikashuka, nikalikusanya gauni nikalifunga fundo kiunoni, nikaishika ile satini kwa mikono miwili. Pini ziliruka. Kitambaa kilichanika kwa mlio mrefu, na Mama mkwe akapiga ukelele ambao hata msibani sijausikia.

"Satini yangu! Imetoka ng'ambo hiyo!"

Grili iliniunguza vidole, nikatamka neno ambalo mabibi harusi hawalitamki. Shada nililitupa mtaroni. Kisha nikafungua mlango wa dereva.

"Mjomba, nenda nyuma."

Akaenda, tena kwa adabu.

Nikafungua hita yote. Nikatia gia ndogo, nikaiacha injini izunguke kwa raha yake bila kuibebesha, nikapanda mdogo mdogo. Humo ndani palikuwa hapakaliki, hata tulipoteremsha vioo. Poda ilishuka na jasho mpaka kifuani. Kope moja ilibanduka ikanikaa mdomoni, nikaitema dirishani. Mjomba alivua koti, akavua tai, akavua viatu, na hapo tukamwomba aishie hapo. Mama mkwe alistahimili mpaka kona ya mwisho, ndipo akavua wigi akaanza kujipepea nalo. Mshale ukashuka. Gari likapata pumzi, tabo ikapiga mluzi wake mzuri, na tukampita yule mzee wa baiskeli. Nilimpungia.

Juu kwenye ngazi za ofisi alisimama bwana harusi ndani ya suti, na pembeni yake msajili anatazama saa. Nyuma yao ukoo mzima. Mama mkwe alitoka mbio, Mjomba naye akatoka na viatu mkononi. Mimi nikabaki kwenye usukani, injini inanguruma taratibu, hita bado wazi.

"Shuka basi!" wakapiga kelele.

"Bado kidogo."

Tabo ikitoka kwenye mlima kama ule inakuwa imewiva nyekundu, na inaelea kwenye oili. Ukizima ghafla, oili inasimama, inaungulia mle mle ndani. Unaiacha ingurume kwanza, ipoe. Ningeweza kuzima, na tabo ambayo ingekufa wala si yangu. Ila nilikuwa nimechoka kujifanya sijui ninachokijua.

"Mwambie mkeo azime hilo gari!" Mama mkwe akamwambia mwanawe. "Msajili anaondoka!"

Watu wote wakamgeukia. Yeye akanitazama mimi: uso michirizi mitupu, kope moja, vidole vyeusi, gauni fundo. Akashuka ngazi. Nikajua anakuja kudai ufunguo, na nikawa tayari kumpa, na gari, na pete, na kila kitu.

Akafungua mlango wa upande wa pili. Joto lilimpiga mpaka akarudi hatua moja. Kisha akaingia na suti yake yote, akakaa, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, fundi amesema bado."

"Fundi gani?"

"Huyu hapa. Mke wangu. Na Jumatatu anaenda kazini kwake, usimtafute dukani."

Jasho lilikuwa limeshaanza kumtiririka shingoni, na mikono ameiweka magotini. Msajili alikuna kidevu, akakaa kwenye ngazi, akasema atasubiri. Mama mkwe akalivaa tena wigi lake. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, na ile poda iliyobaki ikaondoka.

"Mbona siku zote hizi ulikuwa kimya?" nikamuuliza.

"Namwogopa Mama."

"Hata mimi namwogopa," nikasema.

Tukakaa hivyo tukiiva, tumeshikana mikono, mpaka injini ikatulia. Nikageuza ufunguo, tukaenda kutia saini.