Kupe wa Kabazi

Ndegwa alipoingia kwenye boma na panga mkononi, Wariara alikuwa amechuchumaa akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Ubavu ule ulikuwa unachoma kama sufuria, na maziwa yalitoka kwa kulazimishwa. Alikuwa ameshampigia simu daktari wa mifugo, Chemutai, naye alikuwa njiani kutoka Subukia.

"Mama Natasha, leo utaniambia ulitia nini kwenye yale majani ya nepia."

Wariara aliinuka polepole. Mwaka uliopita walikuwa wamekosana na jirani huyu juu ya mpaka wa shamba, hadi wakapelekana kwa chifu. Sasa ng'ombe wa maziwa wa Ndegwa walikuwa wamekufa wote watatu kwa mfululizo, wakihema kama waliokimbizwa, povu likiwatoka puani. Wote walikuwa wamekula nepia iliyokatwa kando ya mpaka ule. Ndegwa alikuwa amewaza na kuwazua, na kila alipogeuka alimwona Wariara.

"Weka panga chini tuongee. Hata huyu wangu ni mgonjwa."

"Unanichezea akili! Watoto wangu wanalala njaa na wewe unakamua!"

Panga lilishuka kwenye mguu wa nyuma wa ng'ombe, likakata mshipa juu ya kwato. Mnyama alitoa mlio ambao Wariara hakuwahi kuusikia, akaanguka juu ya ndoo, maziwa na damu vikachanganyika kwenye matope. Wariara hakufikiri. Alinyakua mpini wa jembe akampiga Ndegwa begani, akampiga tena mdomoni, jino likaruka. Ndegwa aliyumba, akarusha panga bila kuangalia. Wariara aliinua mkono kujikinga. Hakusikia uchungu mara moja; aliona tu vidole vyake viwili vikining'inia, naye akapiga nduru.

Kabazi nzima ni kama ilikuwa inangoja nduru ile. Wanaume walitoka mashambani na majembe, vijana wa bodaboda wakatupa pikipiki zao njiani. Walipomwona mama amefungia mkono wake kwenye leso iliyolowa damu, hawakuuliza swali. Walimburuta Ndegwa hadi barabarani. Jiwe la kwanza lilimpata jichoni. Mateke yakafuata, na fimbo, na mtu akaanza kunyonya petroli kwenye tangi la pikipiki kwa mpira.

"Mchomeni! Leo ng'ombe, kesho ni sisi!"

Chemutai alifika katikati ya kelele hizo. Alimkaza Wariara mkono kwa kamba ya begi lake, kisha akapiga magoti kando ya ng'ombe na kumpapasa chini ya masikio. Tezi zilikuwa zimevimba kama viazi. Akafunua sikio. Ndani, kupe wa kahawia walikuwa wamebanana kama punje kwenye gunzi.

"Ni ndigana, homa ya kupe," alisema. "Wale wa jirani pia walivimba hapa?"

Wariara alikumbuka shingo za wale ng'ombe walipokuwa wakiburutwa kuzikwa. "Walivimba. Lakini daktari, kupe ni wa huko chini kwenye joto. Hapa kwetu baridi iliwamaliza. Hata kuogesha ng'ombe kwenye dipu tuliacha kitambo."

"Baridi gani, mama? Julai hii umevaa sweta?"

Hakuwa amevaa. Wariara alitazama kupe wale, kisha akatazama barabarani, ambako petroli ilikuwa tayari kwenye mkebe. Alimchukia Ndegwa kwa moyo wote. Hata hivyo miguu yake ilimpeleka.

"Wacheni! Ni kupe! Hakuna sumu wala nini!"

Hakuna aliyemsikia. Akapenya katikati yao, akajilaza juu ya Ndegwa, na jiwe lililokuwa limesharushwa likamvunja ubavu. Aliyelirusha alipoona amempiga nani, alitupa chini jiwe la pili. Mkebe ukawekwa chini.

"Wewe hukuweka kitu?" Ndegwa aliuliza kupitia damu.

"Nyamaza," Wariara alimwambia. "Usiniongeleshe."

Ng'ombe alichinjwa pale pale, na Chemutai akaamuru azikwe, kwa sababu wiki ile Wariara alikuwa amemchoma sindano za dawa ya dukani. Watu walitazama nyama ile yote ikifukiwa, wengine wao wakiwa hawajaonja nyama tangu mahindi yaungue kwa ukame.

Ndegwa alipoteza jicho moja, akafungwa. Wariara alipoteza vidole viwili, na kwake wakaanza kunywa chai ya rangi. Kabla ya mvua za vuli, ndigana ilikuwa imeingia karibu kila boma kwenye mteremko ule. Wariara ndiye aliyepita mlango kwa mlango, mkono umefungwa bandeji, akiwafunua ng'ombe masikio mbele ya wenyewe. Kwa Ndegwa aliingia mwisho. Mkewe Becky alikuwa na ndama mmoja aliyebaki. Wariara alimkagua ndama masikio bila salamu, akampata na kupe, akaomba pampu ya kunyunyizia dawa.

"Mshike kichwa," alisema. "Mimi sina mkono."

Becky akamshika.