Majani ya Kenkey

Ataa Lamptey, fundi aliyenilea kazini miaka tisa, alikuwa na neno moja la kutukana kazi mbaya: "Imeumwa." Maana yake, jiliwa la kubania mbao limeacha alama za meno. Hapa Teshie tunazika watu ndani ya majeneza yenye umbo la kazi zao, samaki kwa mvuvi, lori kwa dereva, na kwa kuwa yote hupakwa rangi, alama huzibwa na hakuna anayejua. Yeye alijua.

Kabla hajafa aliwaambia watu wa ukoo kwamba azikwe ndani ya jeneza la umbo la randa, la mkangazi mtupu, bila rangi. Nilitengeneze mimi. Likitoka bila kuumwa, karakana ni yangu. Likiwa na alama hata moja, ni ya Odoi, mpwa wake.

Odoi alicheka mbele za watu. "Ayorkor, mtoto wa muuza kenkey na jiliwa wapi na wapi? Rudi ukamsaidie mama yako kufunga madonge ya unga kwenye majani."

Iliniuma, sikatai. Lakini mdomo wake ndio ulionipa akili. Nikachukua majani ya mahindi, yale ya kenkey iliyokwisha kuliwa, nikayaweka chini ya chuma cha jiliwa, nikajaribu kwenye kipande cha mkangazi. Asubuhi meno hayakuonekana, ila palikuwa na doa jeusi kama wino. Unyevu, chuma na mkangazi havipatani. Nilikaa chini nikalia. Mama akaniuliza tangu lini jani la maji likafanya kazi ya jani kavu.

Nikayaanika juu ya bati siku mbili. Nikaunganisha mbao za jeneza kwa gundi, na chini ya kila jino la jiliwa nikaweka kibao laini, na chini ya kibao jani kavu, ili kisigande kwenye gundi. Kisha nikakaza alivyonifundisha Ataa: kama unavyomshika mtoto mkono sokoni, asiponyoke wala asilie.

Jumamosi mafundi wote wa Teshie walikuja mazishini, nusu kulia, nusu kukagua. Odoi alipiga magoti, akalipapasa jeneza ubavu hadi ubavu. Kidole kikasimama.

"Hapa," akasema.

Nikainama, nikabandua kwa ukucha: kijipande cha jani, kidogo kama punje ya mchele. Chini yake mti ulikuwa safi, unang'aa. Mkubwa wa ukoo akanikabidhi funguo palepale, na mama yangu akapiga kigelegele msibani bila haya. Nilifurahi hata nikasahau kulia.

Tulipolibeba, Odoi alikuwa nyuma yangu. Tulikwenda hatua kadhaa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Majani uliyaanika siku ngapi, fundi?"

"Njoo Jumatatu nikuonyeshe," nikamwambia. "Karakanani kwangu."