Mkono kwenye Kilemba

Ekambaram alikuwa kiziwi, na siri hiyo niliitunza miaka sita. Mjinga mimi.

Masikio yake yaliliwa na kelele za ribiti, kama ya wengi katika karakana yetu ya reli ya Perambur. Miaka kumi na miwili alikaa ndani ya mabehewa ya chuma akishikilia ribiti, zile pini za kuungia chuma, wenzake wakizigonga kutoka nje. Kisha wakampandisha cheo, akaletwa kwangu kugonga magurudumu. Kazi yenyewe ni masikio tu. Unagonga gurudumu kwa nyundo ndogo: zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama sufuria mbovu. Likiwa na ufa unalichora msalaba wa chaki, na behewa halitoki. Mimi nilishika upande wa kulia, yeye wa kushoto.

Wiki ya kwanza tu nikamgundua. Alilia mbele yangu, mtu mzima, ana mabinti wanne. Basi nikabuni dawa. Nitasikiliza pande zote mbili: gurudumu lake likiwa zima nashika kidevu, likiwa bovu nagusa kilemba. Nilimfundisha pia Sadayan, kijana wetu wa kupaka grisi, anishikie zamu nikiugua. Sadayan nilimtafutia kazi mimi, naye akawa ananiita kaka. Sikukuu ya kubariki vifaa vya kazi ilipofika, tulipozivika nyundo maua na kuzipaka msandali, sote watatu tuliweka mikono juu ya nyundo yangu tukaapa kwamba uziwi wa Ekambaram hautajwi.

Mwezi wa Juni gurudumu la kushoto la behewa la mchele likapasuka njiani. Mlinzi wa treni akakatika mguu.

Gurudumu hilo nililisikia. Niligusa kilemba, lakini Ekambaram alikuwa anamtania Sadayan juu ya mchumba wake, nami nikadhani ameniona. Sikurudi kutazama chaki. Hapo nilikosa, nami sikatai.

Bwana Haskett, Mwingereza mkuu wa karakana, akatuita bandani. "Nani aligonga kushoto?"

Nilimtazama mwenzangu. Nilitaka Ekambaram aseme mwenyewe, tubebe lawama pamoja. Alisoma midomo ya bwana, akaninyooshea kidole, akajibu bila kupepesa.

"Kuppusami, bwana. Siku ile tulibadilishana. Mgongo ulikuwa unaniuma."

"We Ekambaram! Huoni haya? Tulibadilishana lini?"

"Kaka," akasema Ekambaram, "usinitolee macho. Sema kweli upate nafuu."

Nafuu! Mtu niliyemlindia kazi kwa masikio yangu! Nikasahau kiapo cha nyundo na maua yake.

"Bwana, huyu kiziwi. Mgeuze umjaribu."

Bwana Haskett akamwambia ajibu kila pigo, kisha akamgeuza aelekee mlangoni, kwenye umati wa mafundi. Nyuma yake yalikuwepo magurudumu mawili, moja zima, moja bovu. Akagonga.

"Zima, bwana," akasema Ekambaram.

Akagonga tena. "Bovu."

Mara tano, na zote akapatia. Nikafuata macho yake mpaka mlangoni. Sadayan alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mkono umeganda kwenye kilemba.

Nilifungua mdomo nimtaje, nikaufunga. Alama zile nilizibuni mimi. Ningezieleza, ningekuwa nimekiri kwamba miaka sita nilimweka kiziwi kwenye magurudumu yanayobeba watu, na hapo isingekuwa kufukuzwa tu, ingekuwa jela.

Nikafukuzwa. Nyundo yangu ikabaki na karakana, na Ekambaram akafanywa mkuu wa wagongaji.

Sadayan nilimsubiri getini, saa ya chakula.

"Hata wewe, mdogo wangu?"

"Kaka, tuliapa asitajwe. Nani kamtaja?"

"Yeye kanisingizia mbele yako!"

"Kwamba hatutasingiziana hatukuapa," akasema, akaangalia chini. Kisha akaninyooshea nusu ya wali wake wa mtindi, kama siku zote. Nilimwacha na mkono wake hewani.

Mwaka uliofuata binti yangu alikuwa anapelekwa kuolewa Arakkonam. Kwa treni unafika kabla kahawa haijashuka tumboni. Mimi nilikodi mikokoteni mitatu ya ng'ombe, tukaenda siku mbili juani, vumbi likijaa kwenye maua ya nywele za bibi harusi, naye analia. Mke wangu alininunia njia nzima.

"Shemeji," akasema kaka yake, huku reli iko pale pale kando ya barabara na mabehewa yanatupita, "wamekufukuza karakana au wamekufukuza hata kwenye treni? Tatizo nini?"

Wote walinigeukia wakisubiri jibu. Ningewaambia magurudumu yale yanagongwa na nani? Kiapo nilikuwa nimeshakivunja mara moja. Nikashika kidevu, kana kwamba yote mazima, nikamwambia mwenye ng'ombe aongeze mwendo.